Mhariri, hiyo "mbegu nyepesi" nimeipima miaka 31

Ndugu Mhariri,

Najua barua za wasomaji mnazipenda fupi. Hii haitakuwa fupi. Ikibidi kuikata, kata salamu, ila namba ziache.

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, mtoto wa marehemu dada yangu alinitembelea hapa Ngamiani. Ni kijana wa miaka 33, anaendesha bodaboda, ndoa yake iko mwaka wa nne. Alikaa mkekani barazani, akanywa chai yote, akaniuliza hali ya mguu wangu mara mbili. Nikajua kuna jambo. Mwisho akachomoa gazeti lako mfuko wa nyuma wa suruali, limekunjwa mara nne, akalifungua taratibu na kuliweka mbele yangu. Kidole chake kilikuwa juu ya ukurasa wa 14, kwenye makala ya dalili za mbegu nyepesi na tiba yake.

"Mama mdogo," akasema huku anatazama barabarani, "wewe si ulikuwa maabara? Hii ya kwangu ndiyo hii?"

Halafu akatoa na chupa. Ya plastiki, rangi ya kahawia, imejaa unga. Alikuwa ameshainywa wiki mbili, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na kimoja usiku, kwa hela ya marejesho ya pikipiki.

Mimi ni mwanamke wa miaka 60 na ushee, nimestaafu mwaka 2019. Nilianza kazi ya maabara mwaka 1988, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 31 dirisha la sampuli lilikuwa langu. Wanaume wa mji huu wamenipitishia vikopo vyao wakiwa wameangalia dari. Kwa hiyo nilipoisoma ile makala hadi chini, niliona niandike, maana mtaalamu wenu wa tiba asili amechanganya vitu viwili ambavyo mimi nimevitenganisha kwa darubini maisha yangu yote.

Ameandika kwamba manii yakiwa mepesi kama maji, mbegu ni dhaifu. Yakiwa mazito kama uji, mbegu ni nzima. Ameandika pia kwamba mwanamke akisimama baada ya tendo na yakamtiririka, basi mbegu zimekataliwa.

Nadhani kosa hili limetoka shambani. Mkulima humwaga mbegu kwenye beseni la maji, zinazoelea anazitupa, zilizozama anazipanda. Mbegu nyepesi ni pumba. Na kwa kuwa Kiswahili cha mtaani kinaita kitu chote kile "mbegu", mtu anatazama maji anadhani anatazama mbegu. Lakini mbegu hazionekani kwa macho. Kinachoonekana ni gari lililozibeba. Daladala imepita imefunga vioo vyeusi, wewe uko kituoni unasema, "Ile imejaa." Umejuaje?

Ukigawa manii ya mwanamume mzima katika mafungu 100, yanayotoka kwenye korodani pamoja na mbegu zenyewe ni mafungu 2 hadi 5 tu. Mafungu 65 hadi 75 yanatoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, ambavyo tunaviita vifuko vya manii. Yanayobaki, 20 hadi 30, yanatoka tezi dume, na tone dogo la utelezi linatoka kwenye vijitezi vingine chini yake. (Watu wakisikia "tezi dume" wanadhani ni jina la ugonjwa. Kila mwanamume anayo, amezaliwa nayo.) Ndiyo maana mwanamume aliyefunga uzazi kwa kukatwa mirija anaendelea kutoa manii kama kawaida, kiasi kile kile, uzito ule ule, na mkewe hawezi kutambua tofauti. Humo ndani hamna mbegu hata moja. Huyu kwa kipimo cha makala yenu angepata alama zote.

Sasa huo uzito. Kopo likifika dirishani mapema, ndani kuna kitu kilichoganda, kama tui lililolala usiku kucha kwenye friji: mabonge ya kijivujivu kwenye majimaji. Hapo huwezi kupima chochote. Unaliweka kwenye joto la mwili, nyuzi 37, unaandika saa, unafanya kazi nyingine. Baada ya dakika 15, 20, pengine 30, ukiinamisha kopo yanateremka yenyewe, mepesi, tone moja moja. Vifuko vya manii hutoa protini inayogandisha, na tezi dume hutoa kimeng'enya cha kuikata kata ile protini. Ni kile kile ambacho hospitali hukipima kwenye damu ya wazee wanapochunguza saratani ya tezi dume. Kazi yake ya asili ni hii: kuyeyusha bonge ili mbegu zitoke ziogelee. Kopo likikaa saa nzima bila kuyeyuka, hapo ndipo mtu wa maabara anaanza kukunja uso na kuliandika kwenye fomu. Umeelewa, Mhariri? Kinachotusumbua sisi ni manii yanayobaki mazito. Kuwa mepesi baada ya nusu saa ndiyo afya, na mnawauzia watu dawa ya afya.

Na yale yanayomtiririka mwanamke ni hayo hayo maji yaliyomaliza kazi. Mbegu zenye nguvu huwa zimeshaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Nimewahi kukutana na dada mmoja aliyekuwa akilala miguu ukutani hadi adhana ya alfajiri kwa sababu wifi yake alimwambia anazimwaga. Miguu ilikuwa inamfa ganzi, anakwenda kazini anachechemea.

Nisieleweke kuwa maji hayana maana. Maana yanayo, tena kubwa, ila jicho si la kuipimia. Ukeni kuna asidi, na ni kinga nzuri dhidi ya vijidudu, lakini mbegu ikiingia humo peke yake hufa upesi. Manii, kwa kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati, yanatakiwa kuwa 7.2 au zaidi, wakati ukeni ni kama 4. Kwa hiyo yanapofika huipoza ile asidi kwa muda. Pili, safari inataka chakula. Mwaka 1946 mwanakemia Thaddeus Mann, akiwa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba sukari iliyomo kwenye manii ni sukari ya matunda, fruktosi, wala si ile ya kwenye damu. Inatengenezwa kwenye vifuko vya manii. Tezi dume nayo huleta zinki na chumvi za limau. Humo humo kuna vitu vinavyoitwa prostaglandini, ambavyo Msweden Ulf von Euler alivipa jina hilo mwaka 1935 akidhani vinatoka tezi dume, yaani prosteti. Kumbe vingi vinatoka kwenye vifuko vile vya nyuma, jina limeshaganda. Wakunga wetu wanamjua ndugu yake wa kiwandani: misoprostoli, kidonge cha kuzuia damu baada ya kujifungua, kimeigwa kwenye jamii hiyo hiyo. Hilo huwa linanifurahisha kila nikilikumbuka, lakini tuendelee.

Ile sukari ndiyo iliyonionyesha kazi ya maji kuliko kitabu. Mwaka 2004 alikuja mvuvi wa upande wa Pangani, mtu wa makamo, mrefu, kucha zake zina alama za nyuzi. Ana mke wa pili. Wa kwanza alimwacha kwa kuwa "hazai", miaka sita. Huyu wa pili alikuwa ameshapigwa picha ya mirija mara mbili, ile ya kusukumiwa dawa, na mwenye kuwahi kupigwa anajua inavyouma. Mwanamume mwenyewe hakuwa amewahi kuombwa kopo. Safari hii daktari mgeni ndiye aliyemwandikia.

Kopo lilikuja na mililita 0.7. Halikuganda hata kidogo, lilikuwa maji tangu mwanzo. Karatasi ya asidi ikasoma 6.5. Chini ya darubini sikuona mbegu, nikazungusha kwenye mashine, nikatazama tena kwenye mashapo, sikuona. Nikafanya kipimo cha sukari. Kwetu kilikuwa cha kizamani: unachanganya unga wa resosinoli na asidi ya haidrokloriki, unatia matone ya manii, unachemsha. Sukari ikiwepo, kasiba inageuka rangi ya juisi ya choya. Nikachemsha yake pamoja na ya mtu mwingine niliyejua ni mzima. Ya yule ikawa nyekundu ndani ya dakika. Ya mvuvi ilibaki kama maji ya bomba. Nikarudia. Vile vile.

Soma hayo manne pamoja: machache, yenye asidi, hayagandi, hayana sukari. Maana yake maji ya vifuko hayafiki nje, yamefika ya tezi dume peke yake. Daktari alimpapasa, akakuta korodani nzima, ukubwa wa kawaida, lakini mirija ya kupandisha mbegu hakuigusa, kulia wala kushoto. Kuna wanaume wanazaliwa hivyo. Kiwanda kinafanya kazi, barabara haikujengwa. Mtu kama huyo ana nguvu zake zote, hana maumivu, hana dalili, na angekunywa unga wa chupa hadi apauke.

Alirudi dirishani kwangu, ingawa majibu alishapewa na daktari. Alisimama kidogo. Akaniuliza, "Kwa hiyo yule wa kwanza hakuwa na kosa?"

Nikamwambia siwezi kujua, sijampima.

"Ameolewa Mkwaja," akasema. "Ana watatu."

Kuna njia kwa mtu kama yeye. Baada ya mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza watoto wa kwanza waliopatikana kwa kuchomekwa mbegu moja ndani ya yai moja, inawezekana kuchukua mbegu kwenye korodani kwa sindano na kuitumia. Siku hizi huduma hiyo unaipata Nairobi na hata Dar es Salaam, kwa mwenye fedha. Mwaka ule, kwa mvuvi, ilikuwa sawa na kumwambia aende mwezini.

Hapa Mhariri naomba nikiri langu, maana nisije nikaonekana nawatupia mawe waandishi wako nikiwa nimekaa juu ya mnazi.

Mwaka 1991 nilikuwa bado binti, mgeni wa dirisha, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka kijijini, shati jeupe limenyooshwa, kopo kaliweka kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa naona haya kuliko yeye. Sikumwangalia usoni. Nilipokea, nikaandika jina, nikapima: mililita moja kasoro, mbegu milioni 2 kwa kila mililita. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri, nikapeleka. Sampuli moja, siku moja, basi.

Baada ya miezi mitano alirudi. Alikuwa amepima mahali pengine na karatasi anayo: milioni 48 kwa mililita. Kati ya hapo familia ilikuwa imeshakaa kikao mara tatu, mke ameshapelekwa kwao "apumzike", na kaka yake mwalimu ameshatamka maneno ambayo ndugu hatakiwi kuyatamka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, siku ile ya kwanza nusu ilianguka chini chooni. Ile ya mwanzo. Mimi sikujua kama ina maana. Nawe hukuniuliza."

Kumbe ina maana kuliko yote. Manii hayatoki yamechanganyika sawasawa kama chai ya maziwa. Yanatoka kwa mafungu: kwanza linakuja la tezi dume likiwa limebeba mbegu nyingi, halafu ndipo vifuko vinamwaga maji yake mengi yenye sukari, ambayo mbegu zake ni chache. Anayepoteza tone la kwanza amepoteza abiria, amebakiza basi. Vitabu vya kazi vilisema hivyo. Mimi nilivisoma na haya ikanifunga mdomo. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita dirishani bila kuulizwa, awe shehe, awe polisi, awe baba mkwe wangu: Kuna kilichomwagika? Cha mwanzo au cha mwisho? Siku ngapi hujakutana na mke? Ulipata homa kali miezi mitatu hii?

La homa nalo watu hawalijui. Mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa, ukiongeza na muda wa kusafiri mirijani unakaribia miezi mitatu. Ukiugua malaria ukachemka Machi, kikopo cha Aprili au Mei kinaweza kuonyesha balaa ambalo halipo tena Agosti. Kwa hiyo kipimo kibaya hurudiwa, na asiyerudia asitoe hukumu.

Kuhusu namba zenyewe, maana najua wasomaji wataziuliza: kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinaweka mpaka wa chini kwenye mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 kwa mililita au milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 ziwe zinacheza, na asilimia 4 ziwe na umbo zuri. Ndiyo, 4. Wanaume huwa wanaruka kitini wakiona 96 kati ya 100 zina kasoro, lakini ndivyo binadamu alivyo. Na mililita 1.4 ni robo ya kijiko cha chai na kidogo. Anayedhani dume hujaza kikombe ametazama filamu. Namba hizo zilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, na 5 katika kila 100 kati yao walikuwa chini ya mpaka na bado wakaitwa baba. Aliye chini hajaambiwa hazai. Ameambiwa akaonane na daktari.

Sasa ule unga. Makala inasema una zinki, na zinki "ndiyo chakula cha mbegu". Kweli tezi dume imejaa zinki, na manii yanayo. Lakini kuwa nayo ndani si sawa na kuimeza ikaleta mtoto. Marekani walijaribu kwa wanandoa 2,370, majibu yakatoka mwaka 2020: nusu ya wanaume walipewa zinki pamoja na asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge vitupu bila kujua. Waliopata mtoto upande wa dawa ni 34 kwa kila 100. Upande wa vidonge vitupu, 35. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliomeza dawa walisumbuliwa zaidi na tumbo. Mimi sina ugomvi na supu ya pweza wala mihogo mibichi na karanga na nazi inayouzwa kwenye mikokoteni, kula ni kula, na pweza wa Tanga ni mtamu. Nina ugomvi na anayekuambia kijiko chake kimezidi hospitali.

Na ugomvi wangu una sababu, kwa kuwa wakati kijana anakunywa unga, yale yenye tiba yanakaa. Kisonono na klamidia zisizotibiwa vizuri huacha makovu yanayoziba mirija. Kichocho cha mkojo, ambacho watoto wa pwani yetu tumekipata kwenye vijito na mabwawa, hutaga mayai hadi kwenye vifuko vya manii na tezi dume. Mtu mzima anaona damu kwenye manii, anaogopa, anaficha, anakwenda kuagua. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu hata manii yakageuza njia, yakaingia kibofuni badala ya kutoka nje; mtu anafika kileleni na kopo ni kavu. Huyo tunampima mkojo wa baada ya pale, na mbegu tunazikuta humo zimeelea. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyebalehe yanaweza kushukia korodani. Na vijana wa mazoezi ya kunyanyua vyuma wanaochomwa sindano za homoni za kiume ili wajae vifua, wengi hawajaambiwa kwamba korodani zikiona homoni inaletwa kutoka nje, zenyewe zinafunga duka. Katika yote hayo hakuna hata moja linaloonekana kwa kutazama kama ni zito au jepesi.

Najua kuna watakaosema mwanamke mtu mzima hana haya. Mhariri, aliyekuwa wa kwanza kuandika habari za mbegu alizoziona kwa darubini, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1677, aliona haya vile vile. Alijieleza kwamba sampuli ilikuwa yake mwenyewe, kutoka kwenye ndoa, wala hakuipata kwa njia ya dhambi, na kwamba aliitazama kabla moyo haujapiga mara sita. (Maskini mkewe.) Kisha akamwambia mkuu wa chama cha wanasayansi kule London kwamba akiona habari hizi zitawachukiza watu, aichape barua au aiharibu, hiari yake. Nami nakupa hiari hiyo hiyo. Ila ukiichapa, naomba maelekezo ya kikopo nayo yatoke, kwa sababu hata vituo vyetu vingi hawayasemi kwa sauti.

Usikutane na mwanamke wala usijichue kwa siku 2, zisizidi 7. Kopo lichukue la maabara, lenye mdomo mpana. Usitumie kondomu ya kawaida, ina dawa, wala chupa ya dawa ya kikohozi uliyoiosha. Usitumie sabuni, mafuta wala mate. Yakusanye yote kuanzia tone la kwanza, na likikuponyoka sema. Kama unatoka nyumbani, kopo lifunge na kulishikilia mwilini, mfuko wa ndani wa shati, si kwenye jua la dashibodi wala kwenye barafu, na lifike ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Andika saa uliyotoa. Na wewe mwenye dirisha, mwangalie mtu usoni umuulize.

Kwa upande wa kina mama sina la kuwafundisha, wao ndio waliolipa. Katika ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mwanamume umo karibu katika nusu yake, peke yake au pamoja na wa mkewe. Kikopo hakichomi, hakikati, hakilazi mtu kitandani. Kwa nini basi kinakuja mwisho, baada ya picha za mirija, baada ya kusafishwa kizazi, baada ya mganga wa Handeni na mwingine wa Pemba? Miaka 31 sikupata jibu jingine zaidi ya kwamba mama mkwe ana sauti na kikopo hakina.

Mtoto wa dada yangu alikwenda Jumanne. Mkewe ndiye aliyemshikia saa. Alipita hapa kwangu na pikipiki bila kusimama, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kifuani juu ya mfuko wa shati, nikamwona anavyokwepa matuta kama amebeba mayai. Majibu ni yake na mkewe, gazeti halihusiki.

Chupa aliiacha barazani kwangu. Nimeisoma lebo yote kwa miwani. Haina tarehe ya kutengenezwa, haina orodha ya vilivyomo, haina namba ya usajili. Ina namba ya simu tu. Nikaiweka pembeni ya gazeti lako nikalinganisha tarakimu moja moja, kama nilivyozoea kulinganisha sampuli na fomu: ndiyo ile ile iliyochapwa chini ya jina la mtaalamu wenu, ukurasa wa 14.

Fundi maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga.
(Jina langu na namba yangu vimo kwenye bahasha, kwa ajili yako tu Mhariri.)